Pazia la Adyero

Haya nimeyasikia kwa Abwola mwenyewe. Alinisimulia mwezi wa kumi na moja uliopita, siku ya mvua ndefu, tumekaa barazani kwangu tunachambua karanga, nzima huku, mbovu kule. Nilimwuliza mbona Krismasi inakaribia na sisikii habari ya harusi. Alitupa karanga mbovu moja, akatupa ya pili, kisha akaanza.

Basi, ilikuwa Jumapili, mchana, watu wametoka kanisani. Abwola alikuwa amelia Ijumaa, akalia Jumamosi, na Jumapili akanawa uso. Akavaa gauni la kijani ambalo Elisée alilipenda, akakaanga karanga, akaziweka mezani kwenye sahani ya bati. Alikuwa amekata shauri kumfurahia mchumba wake. Si kujifanya. Alitaka kumfurahia kweli, na alikuwa amebakiza kidogo tu afike.

Nyumba yao ni ile ya kambi ya polisi kule Naguru, chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia la maua mekundu. Mbele kuna makochi na televisheni. Nyuma kuna kitanda, jiko, magunia ya karanga na kinu. Baba yake, Afande Okeny, amehamishiwa Moroto, huja likizo tu. Kwa hiyo humo ndani ni Abwola na mama yake, Adyero, ambaye husaga karanga na ufuta, akapata ule mchanganyiko mzito ambao Waacholi huuita odii, akauza Kamwokya sokoni.

Sasa hilo pazia lina habari yake. Siku Elisée alipokuja na mjomba wake Ambroise kusema anamtaka Abwola, Adyero aliwasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, Elisée hakuuona tena uso wake. Kwa Waacholi wa zamani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Ni heshima, na ni kubwa kuliko heshima nyingine. Mama wengi wa mjini wameiacha, wanapiga picha na wakwe zao na kucheza nao muziki. Adyero hakuiacha. Alimsalimu Elisée kutoka nyuma ya maua mekundu, akampelekea paja la kuku kwa mkono wa Abwola, na siku kijana alipougua malaria alipika uji akautuma mpaka kwao Nateete.

"Hodi humu ndani," Elisée aliita.

"Karibu."

Akaingia na shati jeupe, ndevu amezipunguza, mkononi kitenge kilichofungwa kwa gazeti. Alisimama pale mlangoni akamtazama Abwola, na Abwola akamtazama. Kijana huyo ana macho ya kuomba radhi hata akiwa hajakosa, na ndiyo yaliyomshika Abwola toka mwanzo, walipokutana kwenye taasisi ile ya utafiti wa mazao wakapewa meza moja. Moyo wake ulimruka kama kawaida. Akaukasirikia kidogo, kisha akauachia.

"Mkwe wangu, umefika salama?" Sauti ya Adyero ikatoka nyuma ya pazia, pamoja na mlio wa mchi kwenye kinu, taratibu, du, du, du.

"Nimefika, Mama. Hujambo?"

"Sijambo. Hongera, nimesikia."

"Asante sana, Mama. Ni yetu sote. Mama yangu Marie-Jeanne amekuletea kitenge, cha Kongo kabisa, si hivi vya kuchuja."

"Mwambie nimepokea kwa mikono miwili. Abwola, mpe mkwe wangu maji ya kunawa."

Elisée akanawa, akakaa, akainamia sikio la Abwola. "Hata leo? Hata leo mama yako hataki kuniona?"

"Nimekwambia mara ngapi? Ni heshima."

"Heshima ya kunikimbia. Kwetu Bukavu mama mkwe anakukumbatia mpaka mbavu zinalia."

"Bukavu umekaa mpaka meno yalipoota, basi. Mengine umekulia Nateete."

Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Sema kweli, Abwola. Ni Ukongo wangu. Baba yangu alikuwa Mfumbira wa Kisoro, hapahapa Uganda, kitambulisho cha uraia ninacho, lakini kwa mama yako mimi ni mtoto wa yule Mkongo wa vitenge."

"Ungekuwa mtoto wa yeyote, angekaa hukohuko nyuma. Ukimwona ametoka, ndipo uogope."

Alimwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Elisée alitikisa kichwa kama mtu anayesikia maelezo ya tangazo la redio, akachukua karanga.

Akaanza kuzimenya. Alikuwa na tabia hiyo tangu kazini: anaimenya karanga, anaipuliza ganda, anaiweka kwenye kiganja cha Abwola, yeye hali mpaka mwenzake ale. Hata siku wenzao walipowacheka, hata Olivia wa maabara alipowaita baba na mama karanga, hakuacha. Aliweka moja. Akaweka nyingine. Vidole vyake vilikaa kwenye kiganja cha Abwola zaidi ya vilivyohitaji kukaa.

"Umelia," akasema.

"Kidogo."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yangu."

Niseme sasa walichokuwa wanakigombania, msije mkadhani ni kitu kidogo. Serikali ilikuwa na nafasi sita za kuwafadhili watafiti vijana, wasome kile kisomo cha mwisho kinachomfanya mtu aitwe daktari bila kugusa mgonjwa. Wawili hawa waliomba pamoja, wakicheka, maana sita ni nyingi. Mwezi wa sita bajeti ikasomwa, fedha zikakatwa, sita zikawa mbili. Bado walicheka, wakasema mbili ni zetu. Wiki ya usaili, mbili zikawa moja, na hapo hakucheka mtu.

Elisée alikuwa na wadudu wake wa maharage. Abwola alikuwa na sumukuvu, ile sumu inayokuja na ukungu kwenye karanga zisizokauka vizuri. Huioni, huinusi, na inamla mtu ini polepole. Shangazi yake aliyemlea kule Gulu alikufa kwa ini, na hakuwahi kunywa pombe maishani. Abwola alizunguka masoko, Nakawa, Kamwokya, Nateete, akinunua karanga na kuzipima. Za kwanza kabisa kupima zilikuwa za mama yake, na zikaonekana si salama. Alikaa na habari hiyo moyoni siku kadhaa, akiogopa kuisema. Alipoisema, Adyero aliacha kuuza msimu mzima. Hakugomba. Alisema tu, "Nifundishe." Wakatengeneza chanja ya miti na wavu, wakaipandisha juu ya paa la kambi, wake wa maaskari wakawacheka kwamba wanaanika samaki wasiokuwapo. Leo chanja kama hizo ziko kwenye mapaa mengi ya kambi ile. Hiyo ndiyo kazi ambayo Abwola alitaka kuisomea, aipeleke kwa wakulima kote kaskazini.

"Nimeshakubali, Elisée," alisema siku hiyo. "Umeshinda. Maharage nayo yanaliwa. Nitakufurahia, nipe siku mbili tatu."

"Mpenzi wangu." Akamshika mkono wote sasa, karanga na kila kitu. "Unajua nilivyokuwa naomba Mungu? Nilikuwa naomba, kama si mimi, iwe wewe."

"Najua. Kitu kimoja tu kinanikaa hapa." Akagusa koo. "Ungenishinda kwa kazi, ningelala usingizi. Kwenye usaili hawakuniuliza kazi. Nilikwenda na karatasi zangu, na picha za chanja, na majibu ya vipimo. Mwenyekiti wa jopo akaniuliza, binti, ukijifungua utamwacha nani na mtoto ukienda mashambani? Nikajibu. Mwingine akauliza, mumeo atakubali ulale Kitgum wiki nzima? Nikamwambia sina mume. Wakatazamana, wakacheka. Basi, wakanishukuru."

"Wazee wa zamani hao. Si nilikwambia siku ile?"

"Uliniambia. Nililia kwenye bega lako, ukaniambia wazee wa zamani." Abwola alisema polepole, maana jambo lilikuwa linampita kichwani na hakuwa ameliona bado. "Lakini pete niliivua, Elisée. Olivia alinishauri niivue kabla sijaingia, nikaiweka kwenye mkoba. Nani aliwaambia nina mchumba?"

Elisée akanyoosha mkono kwenye sahani, akachukua karanga, akaimenya, akaila mwenyewe.

"Mimi," akasema.

Abwola alimtazama.

"Usinitazame hivyo. Sikiliza, utacheka. Mimi nilitangulia kuingia, si ndiyo? Wakaniuliza maharage, nikajibu, vizuri kabisa. Mwisho mwenyekiti akaweka kalamu chini, akasema, kijana, nafasi ni moja na nyie wawili mna meza moja, sisi tumekwama, wewe unaonaje? Sasa mtu akikuuliza hivyo utasema nini? Nikamwambia, mzee, msikwame. Huyo Abwola ni mchumba wangu. Krismasi tunafunga ndoa. Mwakani Mungu akitujalia kuna mtoto, nani atambebea karanga zake huko porini? Nipeni mimi, tutakula wote. Wakacheka sana. Mwenyekiti akasema, huyu kijana ametusaidia."

Alisema hayo akitabasamu. Hilo ndilo Abwola alilolirudiarudia kwangu, Bibi, alikuwa anatabasamu. Hakuwa mtu anayeungama. Alikuwa mtu anayeleta habari nzuri nyumbani.

Nyuma ya pazia mchi ulinyamaza.

"Ukawaambia nipeni mimi," Abwola alisema.

"Nipeni mimi, tutakula wote. Usikate maneno. Wewe na mimi ni nyumba moja. Mmoja akipata, wote tumepata, si ndivyo tulivyosema?"

"Tulisema kabla. Tulisema kila mtu aingie na kazi yake, na atakayepata, apate."

"Na aliyepata amepata."

"Na uliponifuta machozi, ulikuwa unajua."

Hapo macho yale ya kuomba radhi yalishuka mezani. "Nilijua. Nilitaka nikwambie mambo yakitulia. Abwola, nifikirie na mimi. Wewe ukikosa, una baba afande, una kwenu, una watu wa kukuombea. Mimi nikikosa watasema yule Mkongo arudi kwao akachimbe dhahabu. Mama yangu amebeba vitenge kichwani tangu nina miaka mitano. Anaamka kabla ya jogoo. Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa na neno moja la kusema mbele ya wakubwa, nikalimeza?"

"Lilikuwa neno langu hilo, Elisée. Tumbo ni langu. Harusi ni yangu. Ulikwenda kuviuza kabla sijafika."

"Kuuza," akasema. "Sasa unanitukana."

Nje watoto wa kambi walikuwa wanapiga mpira wa makaratasi. Abwola alisikia moyo wake unatafuta mahali pa kushika. Mtu uliyempenda hageuki mbaya kwa dakika moja. Shati ni lilelile. Vidole ni vilevile vilivyokumenyea karanga. Alikuwa tayari, aliniambia bila kuficha, alikuwa tayari kusamehe. Alikuwa anangoja neno moja tu, nimekosa, basi. Angelipokea na kulifunga moyoni na kuolewa nalo.

Elisée akapata neno, lakini halikuwa hilo.

"Haya, nikwambie jambo la kukufurahisha. Nilitaka nilifanye zawadi, lakini umenitibua. Kazi yako haitapotea. Mwenyekiti aliniita Ijumaa, akasema wizara wanazitaka sana habari za sumukuvu, maharage hayana haraka. Akanishauri nichukue karanga zako nizifanye ndizo somo langu. Vipimo viko, chanja iko, nusu ya kazi imekwisha. Utanisaidia hapa nyumbani, jioni jioni, hata ukiwa na mtoto mgongoni. Na mbele ya kitabu nitaandika jina lako, kwamba namshukuru mke wangu."

Ndipo pete za pazia zikalia kwenye waya. Srrr.

Adyero akatoka.

Ni mwanamke mrefu, mweusi, wa kichwa kilichonyolewa, na siku hiyo mikono yake ilikuwa na mafuta ya ufuta mpaka viwikoni. Alikuwa amejifunga kanga ya kazi. Alisimama mbele ya kochi, akamtazama Elisée usoni, machoni hasa, kama unavyomtazama mtu anayeuliza njia. Akajifuta kiganja kwenye kanga. Akanyoosha mkono.

"Karibu, mgeni," akasema.

Elisée aliruka kusimama. Sahani nusura ianguke. Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watu wa heshima, na uso wake ukafunguka wote. "Mama. Mama, mimi nilijua. Siku moja ungetoka."

"Nimetoka."

"Miaka miwili, Mama. Nilifikiri hunipendi."

"Nilikuwa nakuheshimu," Adyero alisema. "Kaa chini, kaa."

Naye akakaa. Akakaa kwenye kochi la mbele yake, magoti kwa magoti, akavuta sahani ile ya karanga, akachukua, akatafuna. Akamsogezea. Elisée akachukua, akatafuna. Wakala sahani moja, mama wa binti na kijana wa watu, mchana kweupe, na Abwola alikaa pembeni yao. Yeye alijua anachokiona. Mtoto yeyote wa Kiacholi angejua. Mwanamke hali sahani moja na mkwe wake. Anakula na mpangaji, na fundi wa umeme, na mpita njia.

"Karanga tamu, Mama," Elisée alisema.

"Ni za mwanangu. Alizianika mwenyewe."

"Najua, Mama. Hodari sana."

"Mama yako hajambo? Biashara inakwenda?"

"Anasema kodi ya soko imepanda, lakini anakwenda. Atafurahi huyo, nikimwambia. Alikuwa ananiuliza kila mara, yule mama wa Kiacholi amekusalimu? Nasema bado."

"Mwambie nimekusalimu."

"Nitamwambia leo leo."

"Na kitenge hiki umrudishie. Ni kizuri mno, mimi mtu wa kinu nitakiharibu kwa mafuta. Mwambie Adyero ameshukuru."

Elisée akacheka. "Mama, huko ni kujidharau. Basi nitakileta siku yenyewe, kimeshonwa."

Adyero alipangusa maganda ya karanga mezani, akayakusanya kiganjani, akasimama. "Abwola, msindikize mgeni. Jua linashuka, Nateete ni mbali."

Walikwenda wawili mpaka lango la kambi. Njia nzima Elisée alizungumza yeye. Kwamba sasa hakuna kizuizi. Kwamba atamwita mjomba Ambroise wapange siku. Kwamba Baba Okeny akipata likizo ya Desemba mambo yatakwenda vizuri. Alitembea kama mtu aliyetua gunia. Langoni akamgeukia Abwola, akamwinua kidevu kwa kidole.

"Bado umenikasirikia."

"Siyo hasira."

"Utaona. Mtoto wa kwanza akizaliwa utacheka, utasema nilikuwa nalilia karanga. Mimi nakupenda, Abwola. Hilo unalijua?"

"Nalijua," alisema, na alilijua kweli. Hilo ndilo lililokuwa chungu. Kola ya shati lake ilikuwa imejikunja upande mmoja, na mkono wa Abwola ukaenda wenyewe kuinyoosha, kama ulivyozoea. Ukakaa pale shingoni, kwenye joto lake, muda mfupi. Kisha akautoa. "Nenda, utakosa gari."

"Mama amenishika mkono," Elisée akasema kwa mshangao, akiutazama mkono wake uliokuwa bado unang'aa mafuta. "Nilikwambia atazoea."

Akaondoka, kitenge kwapani. Abwola hakumsubiri apotee machoni.

Ndani, Adyero alikuwa amekaa palepale kwenye kochi la wageni. Mikono ilikuwa juu ya magoti, viganja juu.

"Umenivunjia uchumba, Mama," Abwola alisema.

"Sijavunja. Mimi nimesema langu tu. Yule si mkwe wangu, nami siwezi kukaa nyuma ya nguo namheshimu mtu anayegawa mtoto wangu kama sahani hii ya karanga. La kwako ni la kwako."

"Ningemsamehe."

"Najua. Nilikusikia unavyonyamaza."

Abwola akaketi chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye paja la mama yake, gauni la kijani na mafuta ya ufuta, asijali. Adyero alimwekea mkono kichwani.

"Ukimtaka bado, niambie," alisema baada ya muda. "Sitakugombeza, wala baba yako sitamwambia kilichosemwa hapa. Nitarudi nyuma ya pazia. Nitakaa huko mpaka nife, nitampikia paja la kuku. Lakini uniambie wewe, kwa mdomo wako."

Adyero alingoja. Alipoona hakuna neno, alimgusa shavu, akaenda kumalizia odii yake, na kinu kikalia tena, du, du, mpaka kikanyamaza. Akala kidogo, akasali, akalala na kanga yake ya kazi bila kuifungua.

Giza lilikuwa limeshakaa vizuri simu ya Abwola ilipolia.

"Mpenzi, nimefika." Nyuma yake Abwola alisikia vicheko na sauti ya Marie-Jeanne inapanda juu, inaimba kitu cha kanisani. "Unamsikia Mama? Nimemwambia mama yako amenishika mkono, tumekula sahani moja. Amepiga vigelegele mpaka jirani wametoka. Anasema kesho kutwa anaanza kutafuta vitenge vya sare."

"Elisée."

"Ee."

"Nilikwambia nini mchana, juu ya mama kutoka?"

"Ulisema ni heshima. Sikumbuki yote. Wewe una maneno mengi ya kwenu."

Abwola aliegemea ukuta. Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa machache, yangetosha kwenye pumzi moja. Lakini alikuwa ameshayasema, mchana, karibu na sikio lake, na kabla ya hapo miaka miwili mizima, na hayakuwahi kuingia. Akaona kwamba hata la kuzaa, hata la karanga, hata la harusi, ingekuwa hivyohivyo: yeye aseme, na Elisée akumbuke kwamba alisema kitu.

"Unamjua Kidega?" akauliza. "Yule mlinzi wa lango la kazini?"

"Mzee Kidega? Nani hamjui. Rafiki yangu yule."

"Ni Mwacholi wa Pader. Kesho asubuhi ukifika, simama naye hapo langoni umwambie. Mwambie mama wa Abwola amenishika mkono, ameniita mgeni, tumekula sahani moja. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

"Atafurahi sana."

"Mwambie. Halafu atakueleza, na wewe utamsikia."

"Sawa." Sauti yake ikapungua kidogo, kama mtu aliyehisi ubaridi asijue mlango upi uko wazi. "Abwola. Tuko vizuri?"

"Pete yako nitamwachia Olivia pale maabara."

"Pete? Kwani inakubana?"

"Lala, Elisée," akasema, akaizima simu.

Alikaa kidogo. Kisha akapanda juu ya kochi, akafungua waya upande mmoja, akalivua pazia pete moja baada ya nyingine. Lilikuwa zito kwa moshi na vumbi la karanga. Akalilowesha kwenye beseni, maua mekundu yakazama. Akageuka. Nyumba ilikuwa chumba kimoja, hakuna mbele wala nyuma, na mama yake alikuwa kitandani amelala chali, mkono wa kulia nje ya shuka.

Abwola akapanda upande wa ukutani, akageuza uso huko, na baada ya kulia kidogo, akalala.